YAH: Kufunga muhula wa kwanza, na jioni za watoto wetu

Kwa wazazi na walezi wote,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Alhamdulillah, muhula wa kwanza umekwisha. Ripoti mmezipata leo, na tarehe ya kufungua shule imeandikwa chini ya kila ripoti. Matokeo sitayaeleza humu, kwani kila mzazi anayo ya mwanawe mkononi, na walimu wa madarasa wapo mpaka Ijumaa kwa mwenye swali. Ninataka kuzungumza nanyi juu ya jambo mlilolileta wenyewe kwenye kikao cha wazazi: watoto wanachoka.

Kikaoni hamkukubaliana. Baba mmoja alisema analipa ada ili mtoto ahifadhi Qur'ani, na mwendo anauona mdogo. Mama aliyekaa nyuma yake akasema wa kwake hulala na soksi miguuni kabla chakula hakijaiva. Baada ya kikao tuliwapa watoto wa darasa la tatu hadi la sita karatasi, kila mmoja aandike siku yake tangu anapoamka mpaka anapolala, bila kuweka jina. Nimezisoma zote.

Mtoto wa basi la Mbagala anaamshwa kabla ya adhana ya alfajiri. Kwetu anakaa mpaka saa tisa na nusu, masomo ya kawaida pamoja na Qur'ani na Kiarabu. Masika haya, barabara ya Morogoro ilipofungwa pale Jangwani kwa ajili ya maji, kuna siku waliingia nyumbani magharibi imeshapita. Siku za kawaida anafika, anaoga, anakwenda madrasa ya mtaani hadi isha. Akirudi anamkuta mwalimu wa tuisheni sebuleni. Kazi tulizompa sisi anazifanya mwisho, ndiyo maana baadhi ya madaftari yanatufikia na mistari inayoteremka ukurasa. Mmoja aliandika kwamba hucheza Jumapili, baina ya alasiri na magharibi, na pembeni akachora mpira. Karatasi nzima hakuna mchoro mwingine.

Tuisheni ni hiari yenu, ingawa sioni mtoto wa darasa la tatu anaitafutia nini usiku. La madrasa ni zito zaidi, na ninaomba nisieleweke vibaya. Wengi wetu tumelelewa na madrasa za mitaani, na maalim wake tunawaheshimu. Shida ni mtoto kuwa na walimu wawili wa Qur'ani wasiojuana. Kule anasoma kwa kutaja herufi na irabu yake, be fataha ba, be kasra bi, be dhumma bu, namna tuliyosoma sisi kwenye juzuu. Hapa shuleni anaiona herufi na irabu yake na kuitamka moja kwa moja. Njia zote mbili zinafika. Ila mtoto wa darasa la kwanza akipewa zote mbili kwa siku moja, huku anakosolewa kwa kile alichosifiwa kule. Nimemsikia mmoja akimsomea ustadhi Surat al-Fiil. Kila akifika neno gumu anasimama, anamtazama ustadhi usoni kwanza, ajue asome kwa njia ya nani.

Kwenye kuhifadhi ni vivyo hivyo. Sisi tunaanzia Surat an-Nas tukipanda, mpaka sura 37 za Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Qur'ani, zikamilike. Kule amepewa Yasin. Matokeo yake ana vipande vya huku na vya kule, na akisimama kusoma sura nzima anakatika. Basi ombi langu ni kila mtoto awe na mwalimu mmoja wa kuhifadhi. Mkichagua awe maalim wa mtaani, tuambieni. Sisi tutamfanyia muraja'a tu, yaani kurudia alichokwisha kuhifadhi, wala hatutampa aya mpya. Mkichagua shule, maalim wa mtaani amfundishe fiqhi (hukumu za dini), adabu au sira (maisha ya Mtume). Anaweza pia kumpumzisha.

Nasi tuna letu la kufanya. Ramadhani tulipofupisha siku tuliiweka Qur'ani vipindi viwili vya mwanzo. Walimu wa tahfidh, yaani wa kuhifadhisha Qur'ani, walitarajia watoto wa saumu wasinzie, wakakuta wanahifadhi vizuri kuliko miezi mingine, tena hata wadogo waliofunga nusu siku. (Kwenye mabomba ya udhu kusukutua kulichukua muda mrefu kuliko kawaida. Tuliona, tukanyamaza.) Kwa hiyo kuanzia muhula ujao, darasa la kwanza hadi la tano watasoma Qur'ani asubuhi. Hisabati itafuata baada ya chai. Mchana, baada ya adhuhuri, vitabaki vipindi vya michezo, sanaa na kusoma hadithi. Najua wapo watakaosema tumeanza kuwachezesha watoto. Naam, tumeanza.

Kazi za nyumbani kwa darasa la kwanza hadi la nne zitakuwa mbili tu: kusoma ukurasa mmoja kwa sauti, na muraja'a ya dakika kumi. Hizo dakika kumi ni zenu wazazi, dada wa kazi msimwachie. Fungua msahafu, mtoto asome alichohifadhi wiki hiyo, wewe fuatisha kwa kidole.

Hapa nimfikirie mzazi aliyenifuata ofisini baada ya kikao, akafunga mlango, akaniambia hajui kusoma Qur'ani na anaona haya mwanawe asijue. Hayuko peke yake. Wapo wenye shahada zao, wapo wafanyabiashara wakubwa, na wapo walioingia katika Uislamu ukubwani. Tutaanzisha darasa la wazazi kila Jumamosi asubuhi, kina mama kwa ukhti na kina baba kwa ustadhi, bila malipo, kuanzia alifu. Anayetaka ajiandikishe kwa katibu wa shule, na jina lake halitapelekwa kwenye kundi la WhatsApp.

Mliuliza pia kuhusu bakora. Waraka wa elimu namba 24 wa mwaka 2002 unasema viboko havizidi vinne, vinatolewa na mwalimu mkuu au kwa idhini yake ya maandishi, na vinaandikwa kwenye daftari. Ustadhi naye ni mwalimu wa shule hii, na sheria hiyo inamhusu kama inavyomhusu mwalimu wa Hisabati. Kwa kosa la kusahau aya, idhini hiyo sijaitoa na sitaitoa.

Darasa la saba wana mtihani wao wa taifa Septemba. Hatutaweka kambi likizo hii. Wamefundishwa, wapumzike wiki mbili za mwanzo, kisha wapitie mitihani ya majaribio waliyorudishiwa, hasa maswali waliyokosa. Msiwaongezee vitabu vipya vya maswali. Vinawatia hofu tu.

Wazazi wa darasa la tano wanaouliza kama mtoto atamaliza la sita au la saba, njooni ofisini mmoja mmoja. Mtaala mpya umeanza kwa awamu, na jibu linategemea mtoto alianza lini. Kwenye kundi la WhatsApp yamezunguka majibu matatu tofauti, na mawili kati ya hayo si sahihi.

Ada: anayedaiwa aje tupange kabla ya kufungua. Hatumrudishi mtoto getini mbele ya wenzake, na tungependa kuendelea hivyo. Malipo ni benki tu. Tafadhali msimpe dereva wala kondakta wa basi pesa ya ada, hata akisema ametumwa.

Likizo hii wapelekeni kwa bibi na babu. Wa Kigamboni wakaogelee, lakini na mtu mzima. Wakae jikoni, watumwe dukani, wahesabu chenji. Swala tano mnazijua.

La mwisho, kwenye baraza ya msikiti wa shule kuna kofia, mitandio, chupa za maji na kiatu kimoja cha mguu wa kushoto. Wenyewe waje wavichukue kabla ya Ijumaa, maana Jumamosi tunapaka rangi.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu Mkuu