Kabla hojaji haijapanda kilimani: barua ya wazi kwa watafiti vijana wa Burundi na washirika wao

Wanangu,

Nimefurahi kusikia kwamba mmeungana, ninyi wa Bujumbura na Gitega pamoja na wenzenu wa vyuo vya Ulaya na vya nchi jirani, ili mchunguze hali ya usawa wa kijinsia katika nchi yetu baada ya vita. Mimi nilizaliwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, nikafundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, na tangu vita vilipoanza kupoa nimeshiriki katika tafiti kadhaa za namna hiyo. Kwa ruhusa ya umri wangu, naomba niseme neno kabla hamjaanza kazi. Ushirikiano wenu nitaupima kwa swali mtakalouliza: nani amelitunga, na alipolitunga alikuwa amekaa na nani.

Mwaka 2007 niliajiriwa kusimamia wahojaji katika vilima kadhaa, ndivyo tuviitavyo vijiji vyetu, vya mkoa wa Ngozi. Hojaji ilitufikia ikiwa imekwisha kuchapwa kwa Kifaransa, na kazi tuliyoachiwa Warundi ilikuwa kuitia katika Kirundi kwa siku mbili. Swali la ardhi lilikuwa fupi: "Ufise itongo?", yaani "Una shamba?" Wanawake wengi waliitikia "Ego", yaani "Ndiyo", wala hawakusema uongo, kwa sababu walivyolisikia wao, tuliwauliza kama wana mahali pa kulima. Baadhi yao walikuwa wakilima igiseke, kile kipande ambacho binti hupewa na baba yake ili ale mavuno yake, bila haki ya kukiuza wala ya kuwarithisha watoto wake. Wengine walikuwa wajane wanaokaa kwenye shamba la marehemu kwa hisani ya mashemeji. Wengine waliishi na wanaume bila ndoa iliyoandikishwa, na siku mwanaume akifariki au akileta mke mwingine, mwanamke huondoka na kanga zake. Wote hao waliwekewa alama katika kisanduku kimoja. Sisi tuliokuwa pale tulijua kwamba jibu halilingani na maisha, lakini hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kulibadilisha swali, kwa kuwa katika mkataba tuliandikwa kuwa wakusanyaji, si watafiti. Ripoti ilipotoka ilieleza kwamba wanawake wengi wa vilima vile wanamiliki ardhi. Mmoja wa wajane wale, aliyetujibu huku akipukuchua maharage mlangoni pake, nilimkuta miaka miwili baadaye akiishi kwa jirani, shamba limeuzwa na shemeji yake. Jibu lake bado limo katika ile ripoti, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo nawasihi mkae kwanza na wanawake wenyewe, kabla bajeti haijafungwa, mjifunze kutoka kwao maswali yanayofumbua mambo. Nani anaweza kuliuza shamba hili bila kumwuliza mwingine? Mumeo akifa leo, kesho utalala wapi? Kahawa mliyoichuma pamoja ilipopelekwa kituoni, nani alipokea fedha? Maswali hayo hayakutoka katika maktaba yoyote. Niliyapata kwa akina mama wa Kayanza, nikiwa nimeketi nao mkekani bila karatasi. Zaidi ya hayo, jihadharini na kishawishi cha kuwahoji wanawake peke yao. Katika nchi yenye kilomita za mraba 27,834 tu, ambamo shamba la kawaida la familia halifiki hekta moja, kaka anayemnyima dada yake urithi mara nyingi anaogopa njaa ya watoto wake mwenyewe, na utafiti usioisikiliza hofu hiyo hautaweza kuishauri serikali jambo lolote linalotekelezeka. Sisi Waislamu wa Buyenzi tumezoea kumwona binti akipewa fungu lake la mirathi ya baba. Lakini vilimani mirathi inaongozwa na mila, kwa sababu sheria ya mirathi, ambayo rasimu yake imejadiliwa tangu miaka ya mwanzo ya 2000, haijapitishwa, ilhali jirani zetu wa Rwanda walimpa binti haki hiyo kwa sheria ya mwaka 1999.

Msidhani kwamba wanawake wa nchi hii wanangoja kufunzwa kuuliza. Mazungumzo ya amani ya Burundi yalipoanza Arusha, Tanzania, mwaka 1998, chini ya Mwalimu Nyerere, wajumbe wanaume walikataa wanawake kukaa mezani. Wanawake walikwenda hivyo hivyo, wakazungumza na wajumbe nje ya vikao, wakapata nafasi ya watazamaji, na mwezi Julai 2000, Mzee Mandela akiwa msuluhishi, wakakutana wanawake kutoka pande zote 19 za mazungumzo wakaandaa mapendekezo yao. Mengi yaliingia katika mkataba uliotiwa saini tarehe 28 Agosti. Dai lao la asilimia 30 ya nafasi za uongozi liliachwa nje, mpaka lilipoingia katika Katiba ya mwaka 2005 kwa serikali na Bunge. Baadhi ya akina mama wale bado wako hai. Kaeni nao.

Kuna kundi jingine ambalo hunihuzunisha kila linaposahauliwa. Ni mabinti wa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, mabinti waliokulia katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo huko Tanzania, wakarudi Rumonge na Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, na kukuta mashamba ya baba zao yanalimwa na wengine. Wengi wao hueleza mambo mazito kwa Kiswahili kuliko kwa Kirundi, na Kifaransa hawakijui kabisa. Nimewahi kuona mama wa aina hiyo akihojiwa kupitia wakalimani wawili, na maneno yake ya dakika kumi yakaandikwa mstari mmoja. Wahojini kwa Kiswahili, na maneno yao yahifadhiwe kwa Kiswahili.

Ninyi washirika mnaotoka mbali, nawaomba mkumbuke kwamba mwaka 2015 hali ya kisiasa ilipochafuka nchini, wageni waliondoka kwa ndege, nao wahojaji wakabaki vilimani walikojulikana kwa majina. Anayebaki ndiye awe na kauli ya mwisho kuhusu swali gani ni la hatari, na orodha za majina ya wahojiwa zisikae nyumbani kwake hata usiku mmoja. Kijana aliyetunga swali nanyi, akatembea kwa miguu na kufasiri majibu, ni mwandishi mwenzenu. Jina lake lisiwekwe katika shukrani. Na matokeo yarudi vilimani kwa Kirundi, yasomwe kwa sauti, akina mama wapewe nafasi ya kusema "hapa mmekosea" kabla kitabu hakijachapwa.

Mkiniruhusu, nitafanya kazi nanyi bila malipo katika hatua hiyo ya kwanza. Magoti yangu hayapandi tena vilima, lakini Kirundi na Kiswahili changu ni kizima. Njooni Buyenzi na hojaji ikiwa bado imeandikwa kwa penseli.

Mama yenu,
Mwalimu mstaafu, Buyenzi, Bujumbura