Mwanangu, huko Mlimani hakuna atakayekufuata chumbani

Marahaba mama. Meseji yako nimeiona, kwamba usajili hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) tayari na chumba umepata, nikamshukuru Mungu nikalala. Ila asubuhi nimeona bora nikuandikie yote kwa pamoja maana kwenye simu we unajibu tu "sawa mama, sawa mama" afu vocha inaisha.

Kubwa ninalotaka ulishike ni hili. Umekaa bodingi miaka sita, kengele ya kuamka, kengele ya prepo, matroni anahesabu vichwa, usipoonekana darasani unatafutwa mpaka upatikane. Hapo UDSM usipotokea lekcha wiki tatu hakuna atakayejua, ukumbi umejaa mamia ya watu na mwalimu hata jina lako halijui. Kwa hiyo we ndo inabidi umfuate mtu, awe mwalimu, awe CR wenu, yule mwakilishi wa darasa, awe mshauri wa wanafunzi, niwe mimi, na umfuate mapema jambo likiwa bado dogo. Nakujua we ni mtoto wa kunyamaza. Shule walikusifia kwa hilo, ripoti zote zimeandikwa "mtulivu", lakini chuo ukinyamaza unapotea kimya kimya.

Mfano kozi weki, yaani test na asaimenti za semista. Ile ni maksi 40 na UE, mtihani wa mwisho wa semista, ni 60. Wenzako watakwambia mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira, usiwasikilize kabisa, GPA, yaani wastani wa pointi zako, inaanza kuhesabiwa semista hii hii na utaenda nayo mpaka siku ya joho. First class inaanzia 4.4, apa sekondi 3.5. A ina pointi 5 na C ina pointi 2, sasa ukikusanya C mbili tatu mapema mwaka wa tatu utakuwa unakimbiza kitu ambacho hakikamatiki. Na sapu, ule mtihani wa kurudia ukifeli, hata uifanye vizuri namna gani unaambulia C tu. Kwa hiyo test ya kwanza ambayo watu wanaichukulia poa we isomee kama UE, na ukipata 6 kwenye 15 usiikunje karatasi ukaificha chini ya godoro, nenda nayo ofisini kwa mwalimu, bisha hodi, mwambie naomba unionyeshe nilipokosea. Wanafunzi wanawaogopa walimu bure, wengi ukiwafuata kwa adabu wanakusaidia vizuri tu. Hizo DS (masomo ya maendeleo) na CL (stadi za mawasiliano) mnazochanganyika watu wa kozi zote nazo usizidharau eti ni stori, yunit zake zinahesabiwa kama nyingine. Na asaimenti za grupu usikubali kuwa mtu wa kuandikwa jina, omba kipande chako ufanye mwenyewe, siku ya prezentesheni ndo utanishukuru.

Sasa hela. Bumu, ile hela ya mkopo ya chakula na malazi, ni elfu 10 kwa siku, lakini wanakuingizia ya kama siku 60 kwa mkupuo, kwa hiyo utaamka siku moja una laki 6 kwenye akaunti na hujawahi kushika hela hiyo maishani mwako. Hapo ndo watu wanabadilisha simu, wanaenda Mlimani City, wanakopesha marafiki wa wiki mbili, afu mwezi wa pili wanashindia andazi na maji. We ikiingia tu toa hela ya steshenari na nauli, inayobaki igawe kwa wiki na uitoe wiki kwa wiki, ikiisha Alhamisi vumilia mpaka Jumatatu. Usisahau ni mkopo, ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, mi naona walimu wenzangu vijana wanavyolia na hiyo salari slipu. Na bumu likichelewa usiende kukopa kwa watu, nenda kwa afisa mikopo hapo hapo chuoni ujue tatizo ni nini, pia nipigie, hata kama sina nitatafuta.

Afya. Umetoka Mafinga kwenye baridi, Dar ni joto na mbu. Lala kwenye neti kila siku hata kama wenzio hawalali. Ukisikia homa usimeze Panadol siku tatu ukisubiri iishe, nenda kituo cha afya cha chuo upime malaria, bima tumelipa 50,400 ili uitumie.

Hili lingine naliandika moja kwa moja maana nisipokwambia mimi atakwambia nani. Akitokea mtu yeyote, mwalimu au nani, anakwambia maksi zako ziko mikononi mwake na anataka mwende mkaongelee sehemu nyingine usiku, hiyo ni rushwa ya ngono na ni kosa la jinai, sheria ya rushwa ya 2007 kifungu cha 25 imelitaja wazi. Tunza meseji zote, usifute. Ofisini usiende peke yako jioni. Nenda dawati la jinsia, piga TAKUKURU 113 ni bure, na nipigie hata saa nane usiku nitapanda basi la asubuhi. Sitakuuliza ulikuwa umevaa nini, wala baba yako hatakuuliza, tumeshaongea. Kozi inaweza kurudiwa mama, wewe huwezi kurudiwa.

Mambo ya boyfriend sikukatazi maana hata nikikataza niko mbali, ila asiyetaka usome huyo hakufai.

Kanisani umeshapajua? Uliza tu watu wa kwaya.

Kesho nampa konda boksi lako, lina neti mpya, karanga, asali na parachichi. Ukalichukue ofisi ya basi stendi ya Magufuli pale Mbezi, nenda na kitambulisho na uende mchana. Parachichi zitaiva zote kwa pamoja kwa hilo joto, kwa hiyo wape na wenzio wa chumbani.