Mtunzi naye atajwe

Mhariri,

Mwaka 1979 Willie Nelson, mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani ambaye mwenyewe ni mtunzi mahiri, alitoa albamu nzima ya nyimbo za mtunzi mwenzake, Kris Kristofferson, na jina la mtunzi huyo likawekwa kwenye jalada, mahali ambapo kila mnunuzi angeliona. Heshima ya namna hiyo naitamani sana kwa Tanga yetu. Taarabu za vikundi vyetu vya Black Star na Lucky Star tungali tunazipenda, lakini waliozitunga ni nadra kutajwa. Sifa zote humwendea aliyeshika kipaza sauti. Nawasihi waimbaji wetu wenye majina warekodi albamu ya mtunzi mmoja wa hapa, wamtaje waziwazi, na warithi wake walipwe mirabaha yao.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga