Migomo miwili ya reli, usiichanganye

Tabora

Sahibu yangu,

Nimeipata barua yako kutoka Ujiji na nimefurahi mno kwamba umeamua kuandika habari za migomo ya zamani ya wafanyakazi wa reli. Ila kabla hujashika kalamu, tenganisha migomo miwili ambayo mara nyingi husimuliwa kama mmoja.

Wa kwanza ni wa Septemba 1947. Ulianza kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam, waliodai ujira bora, maana maisha yalikuwa yamepanda tangu vita. Ndani ya siku chache ukapanda bara na reli hadi huku Tabora. Wa pili ni wa 1960, siku 82, chini ya chama cha wafanyakazi wa reli, TRAU, ambacho katibu mkuu wake alikuwa Kasanga Tumbo.

Umeuliza kibarua asiye na cheo aliwezaje kusimamisha treni. Hapo ndipo penye utamu wote. Wakati ule vyeo vya juu vilikuwa vya Wazungu, vingi vya kati vya Wahindi. Waafrika ndio waliochochea moto, kugeuza njia, kupakia mizigo na kukaza mataruma. Sasa tazama: mchochea moto akiondoka, dereva hana mvuke. Kichwa cha treni kikishapoa, kukipasha upya ni kazi ya saa nyingi. Wala huwezi kumweka pale mtu yeyote tu. Maji ya boila yakishuka chini ya paa la tanuri, plagi ya usalama, yenye madini ya risasi, huyeyuka, mvuke ukamiminika motoni. Plagi isipofanya kazi yake, boila hupasuka.

Na njia yetu ni moja, upana wa mita 1. Treni hupishana stesheni tu, kwa hiyo moja ikikwama stesheni bila mgeuza njia, nyingine zote hungoja nyuma yake. Tabora ndipo reli inapogawanyika kwenda Mwanza na Kigoma, hivyo pakifungwa hapa, matawi yote mawili yanakatika na Dar es Salaam. Kwenu Kigoma ni zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa, na mizigo ya Kongo ya Wabelgiji ilipitia bandari yenu. Ukiandika habari za Kigoma, usiisahau mizigo hiyo.

Ndiyo maana mwaka 1960 hawakudai mishahara peke yake. Walitaka pia vyeo vilivyoshikwa na wageni, na kwangu hilo ndilo linaloiunganisha migomo hii miwili. Kisha 1962, nchi ikiwa huru, sheria mpya ikafanya kugoma kuwe kugumu sana, na 1964 vyama vya wafanyakazi vikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote. Nalo liandike bila woga.

Ukionyeshwa hati ya mshahara, soma jina la mwajiri kwanza. Ikiwa ni ya Reli na Bandari za Afrika Mashariki, si ya 1947; shirika hilo lilianza 1948. Msimulizi akitaja TANU, yuko 1960, maana TANU ni ya 1954. Lakini aliyeajiriwa mapema huenda aligoma mara zote mbili, basi muulize kila mara alikuwa kazi gani: kwenye genge la kutengeneza njia, stesheni au kwenye kichwa cha treni. Nakili cheo, stesheni na tarehe, na hati yenyewe uiache mikononi mwa mwenyewe.

Wasalimie wote nyumbani.

Sahibu yako wa Tabora