Neno halimo kwenye Biblia, basi ni uzushi?

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako maana hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu. Mimi nafundisha katekesi ya watu wazima na kuna swali sijawahi kumaliza darasa bila kuulizwa: katekista, mbona Kanisa Katoliki linaongeza ongeza mambo, hizi dogma, yaani mafundisho rasmi ya imani, ya 1854 (Maria kutungwa mimba bila dhambi ya asili) na ya 1950 (Maria kupalizwa mbinguni), Mitume walizijua kweli? Anayeuliza sio mbishi, anataka kuelewa, ndio maana inaniuma nikisikia anajibiwa kwa mkato eti Kanisa halijabadilika hata nukta, kwa sababu siku akifungua kitabu cha historia atakuta mambo yalikuwa na safari ndefu na hapo imani itayumba.

Mimi huwa naanzia mbali, kwenye mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Nisea, mwaka 325. Kwenye Nasadiki, yaani Kanuni ya Imani, tunakiri kwamba Kristo ana "umungu mmoja na Baba", sasa hebu litafute neno hilo kwenye Biblia, hulipati. Wafuasi wa padre Arius walilikataa kwa hoja hiyo hiyo ninayoisikia darasani, halimo kwenye Maandiko! Na wao mistari walikuwa nayo mingi tu, kila mstari wakisomewa wanaukubali halafu wanaupindisha uendane na fundisho lao kwamba Mwana ameumbwa na kuna wakati hakuwepo. Maaskofu wangefanyaje? Wakachukua neno jipya ambalo halipindishiki, ili kulinda kitu cha zamani kabisa, yaani Wakristo walishabatizwa kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu na walishamwabudu Kristo tangu mwanzo. Kumbe aliyeng'ang'ania maneno ya zamani ndiye aliyebadilisha imani, na waliokuja na neno jipya ndio walioitunza. Na haikuwa kazi ya siku moja, Askofu Mt. Athanasius, mtetezi wa neno hilo, alifukuzwa jimboni kwake mara 5 kwa sababu ya vita hiyo, na ni mpaka Mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 381 ndipo mambo yakatulia kidogo.

Sasa tuje kwa Bikira Maria. Watu wanashangaa nikiwaambia kwamba hata Mt. Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa vile, hakukubali kwamba Maria alitungwa mimba bila dhambi ya asili, na sababu yake ilikuwa nzito: kama hakuwahi kuwa na dhambi hiyo, basi Kristo alimwokoa na nini? Jibu la John Duns Scotus, mwanateolojia aliyekuja baada yake, ni kwamba kumzuia mtu asitumbukie shimoni ni kumwokoa zaidi kuliko kumtoa akiwa ameshatumbukia. Ndio maana sisi kwa Kiswahili tunamwita Maria Mkingiwa dhambi ya asili, neno lenyewe limebeba jibu lote, anayekingiwa lazima awepo anayemkinga. Papa Pio IX alipotangaza dogma hiyo 1854 alisema wazi ni kwa mastahili ya Yesu Kristo. Hoja ya Tomaso haikutupwa, ilijibiwa na ikaingia humo humo ndani ya fundisho, na mimi hapo ndipo naona mti unakua haubadiliki kuwa mti mwingine.

John Henry Newman, mwanateolojia Mwingereza, alilichimba jambo hili la mafundisho kukua akiwa bado Mwanglikana. Mwaka 1843 alilihubiri akianzia na Maria aliyeyaweka maneno yote na kuyafikiri moyoni mwake, na miaka miwili baadaye, Oktoba 9, 1845, akapokelewa katika Kanisa Katoliki. Moja ya alama alizotoa za kutofautisha ukuaji na upotofu ni hii: ukuaji wa kweli unalinda kilichotangulia, upotofu unakifuta. Mtawa Vincent wa Lérins alishasema karne ya 5 kwamba mtoto anakuwa mtu mzima lakini viungo ni vile vile.

Ila jamani, kuna wenzetu wanaligeuza hili kuwa kibali cha kila kitu, subirini tu Kanisa litabadilika. Hapana. Mtaguso wa Vatikano wa Kwanza mwaka 1870 ulisema dogma inashikwa kwa maana ile ile. Na ni kweli ziko kesi ngumu, kama namba 2267 ya Katekisimu kuhusu adhabu ya kifo, iliyobadilishwa 2018 ikasema adhabu hiyo haikubaliki, na Wakatoliki wenye nia njema bado wanabishana. Mimi naona ni ukuaji, kwa sababu Papa Yohane Paulo II alishaisogeza huko tangu 1995 na kinacholindwa ni heshima ya mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, lakini anayeuliza aonyeshwe hiyo njia hatua kwa hatua, sio aambiwe nyamaza.

Makatekista wenzangu, nawaomba sana tufundishe historia ya mitaguso kwa watu wazima, pamoja na ugomvi wake.

Katekista, msomaji wako