Ukishapata jibu, rudi uandike: barua kwa mwanangu Zuhura

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Salamu zako nimezipata kwa mama yako, na yale uliyomweleza jana usiku nimeyapata pia, maana simu ilikuwa kwenye spika na mimi nilikuwa pembeni nakula. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga. Kwenye simu nikianza jambo refu unaitikia "sawa baba, sawa baba", na ninajua kabisa simu umeshailaza kitandani unasuka nywele.

Kwa hiyo umejitoa kwenye makundi mawili kwa mpigo, la Free Fire na lile la wanaojifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. La gemu nitalisema huko chini. La Python ndilo lililonikaa rohoni. Nilivyoelewa mimi, uliuliza kwa nini programu yako inagoma wakati umeinakili kama ilivyo kutoka kwenye notisi. Mmoja akakujibu kwa Kiingereza cha madaha kwamba urudi ukasome misingi, wenzake wakaweka vikatuni vya kucheka. Ukahangaika peke yako mpaka usiku mkubwa, ukaja kugundua kwamba notisi ziliandikwa kwenye programu ya kuandikia ripoti, ile inayozipinda alama za kunukuu ili zipendeze machoni, na Python haizitambui zilizopinda, inataka zilizonyooka. Ukazifuta, ukazichapa upya kwa mkono, ikakubali. Halafu ukatoka kundini bila kusema neno.

Kwanza hongera. Kosa ambalo jicho halilioni ndilo gumu kuliko yote, na wewe umelikamata bila kushikwa mkono. Huyo aliyekutuma kwenye misingi, kwa uzoefu wangu, jibu hakuwa nalo. Nimewaona wengi wa aina yake. Asiyejua jibu hukimbilia kukuuliza umesoma wapi.

Lakini Zuhura, notisi hizo anazo kila mtu darasani kwenu. Wangapi usiku huo walikuwa wanazikodolea macho alama hizo hizo? Na jibu unalo wewe tu.

Ngoja nikueleze ninakotoka. Unajua ufundi huu sikuusomea chuoni. Kubadilisha vioo na betri nilifundishwa na mzee aliyenipa kiti hapa Ngamiani, ila mambo ya mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani ya simu, ya kuifuata njia ya umeme mpaka uipate kapasita iliyokufa, kile kipande kidogo kinachotunza umeme, nimeyapata kwenye kundi la mafundi. Mle ndani kuna watu wa Kariakoo, Mwanza, Mombasa, Bujumbura, mpaka Lubumbashi. Wengi hatujawahi kuonana.

Kila asubuhi utamkuta mtu kaandika, "Wakuu msaada, simu haiwaki." Basi, kamaliza. Simu gani, hasemi. Ilianguka, iliingia maji, ilichajiwa na chaja ya bodaboda, hasemi. Watu wanaanza kumtania, mwingine anamwambia ampelekee mwenyewe akaizike, na mpaka saa sita mchana hakuna la maana lililosemwa. Utani huo haunifurahishi, lakini naelewa unakotoka.

Sasa kuna kijana mmoja wa Mwanza, huyo hata akiuliza usiku anajibiwa. Siku moja aliandika hivi: simu iliingia maji, ubao nimeusafisha kwa spiriti nikaukausha, betri nimejaribu nyingine, na nikiiweka kwenye pawasaplai, ile mashine ya umeme yenye mita, inakula ampea 0.30 kabla sijagusa swichi. Akaweka na picha ya ubao, safi, haijatikisika. Fundi yeyote akisoma hapo anajua pa kuanzia. Simu iliyozimwa haitakiwi kula umeme kiasi hicho, kwa hiyo njia kuu ina shoti, yaani umeme unavuja pasipostahili. Akajibiwa achome rozini, ule utomvu mkavu wa kulehemia, kwa ncha ya hawia, chuma cha moto cha kulehemu, moshi wake autue juu ya ubao mpaka uote ukungu mweupe, kisha awashe umeme na atulie aangalie. Penye shoti pana joto, na ukungu wa hapo ndio unaoyeyuka kwanza. Akaangalia. Ukungu ukafutika juu ya kapasita moja, ndogo kuliko punje ya ufuta. Akaing'oa, mita ikarudi sifuri, akabonyeza swichi, simu ikawaka.

Yote hayo ninayajua kwa sababu alirudi akayaandika. Aliweka picha ya pili, akaizungushia duara nyekundu ile sehemu, akataja na modeli ya simu. Tangu siku hiyo kila anayepata simu ya aina ile yenye tatizo lile anaanzia kwenye duara hilo.

Wangapi wanafanya hivyo? Wachache mno. Wengi wakifanikiwa wanaandika "nimeshapata, asanteni", wanaondoka. Neno hilo "nimeshapata" linaniudhi kuliko matusi. Unakuwa na simu ya mteja mezani, mteja mwenyewe kakaa mbele yako kwenye benchi anatikisa mguu, unatafuta kwenye meseji za zamani, unakuta mtu aliuliza swali lile lile, modeli ile ile, moyo unaruka, unashuka chini kusoma jibu. "Nimeshapata." Umepata nini ewe bwana? Umepata wapi?

Halafu kuna hizi vois, meseji za sauti. Kuna mzee wa Kariakoo ana elimu ya ajabu, lakini hataki kuandika. Anabonyeza maiki anaongea, nyuma yake honi, makonda, mtu anauza maji. Ukimsikiliza unapata dawa. Tatizo ni kwamba vois haitafutiki. Huwezi kuandika "shoti" ukaletewa dakika ile aliyoitaja shoti. Mwezi ukipita imezikwa chini ya picha za harusi na video za mahubiri, na ukibadilisha simu imekwenda moja kwa moja. Nimewahi kutazama video ya fundi wa Kihindi mwanzo mpaka mwisho, nafuata mikono yake tu kwa sababu maneno siyajui, kwa tatizo ambalo yule mzee alishalieleza kwa Kiswahili kilichonyooka. Ningeipata wapi?

Najua utasema siku hizi mnauliza ChatGPT. Hata mimi ninayo, usinione mzee. Ina uzuri wake. Haikucheki, haichoki, ukiiuliza saa nane za usiku swali ambalo ungeona haya kulitamka mbele za watu inakujibu kwa adabu, na Kiswahili inakielewa. Ukiwa unaanza jambo, itumie. Lakini imefundwa kwa maandishi ya watu, na yale yaliyoishia kwenye vois za Kariakoo haijawahi kukutana nayo. Tena ikibahatisha hubahatisha kwa sauti ile ile inayotumia ikiwa na uhakika. Kundini mtu akibahatisha, yupo wa kumwambia "bosi hapo umeteleza, mimi niliunguza ubao kwa njia hiyo."

Kwa hiyo ninachokuomba ni kidogo. Liandike lile la alama za kunukuu. Liandike kwa Kiswahili chako cha kawaida: nilikuwa nafanya nini, kosa lilivyotokea kwenye skrini neno kwa neno, nilijaribu nini kikakataa, na kilichokubali ni hiki. Maneno ya kosa usiyatafsiri, yaache yalivyo kwa Kiingereza, maana anayehangaika atayanakili hayo hayo kutafutia. Mistari mitano inatosha. Kama hutaki kurudi kundini usirudi, liweke mahali pa wazi panapoweza kutafutika, kisha umpe mwenzako mmoja kiungo akipeleke yeye.

Na usije ukaniambia mambo ya kompyuta hayaandikiki kwa Kiswahili. Mwaka 2004, wewe hujazaliwa, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kazi za ofisini, menyu zote Kiswahili. Wikipedia ya Kiswahili ilikuwa imeanza mwaka mmoja kabla yake. Nani aliwatuma? Kuna maneno yao ambayo watu waliyakataa wakabaki na yao, hilo ni kawaida, lakini kazi ilifanyika wakati mtaani kwetu kompyuta ni ya kuangalia kwenye kioo cha duka.

Sasa la gemu. Kuhusu wale wavulana walioanza upuuzi waliposikia sauti ya kike kwenye maiki, hapo sina ushauri wa kukuambia uvumilie. Zuia, ripoti, ondoka. Wala usibishane nao, wanachotaka ni wewe ubishane. Ila usiache kucheza kwa ajili yao kama mchezo unaupenda. Tafuta wenzako watatu mnaofahamiana, mcheze skwadi yenu, maiki zenu wenyewe. Na yule anayekuahidi almasi za gemu za bure ukimtumia namba ya siri iliyoingia kwenye simu yako, huyo ni mwizi, hata akiwa na picha ya msikiti. Nimeshapokea hapa kibandani watoto wanaolia akaunti zimechukuliwa, na mimi bisibisi yangu haifiki huko.

Lile la pili, walilokuita mwongo ukisema gemu imekwama, hapo ulikuwa na haki, na ungeweza kuwaeleza kwa hesabu. Mwanga ndani ya waya wa faiba, ule wa kioo unaobeba intaneti, hukimbia kilomita kama 200,000 kwa sekunde. Ikiwa seva ya gemu, kompyuta kubwa inayoliendesha, iko umbali wa kilomita 8,000 za waya, kwenda na kurudi ni 16,000, yaani milisekunde 80 zimeshakwenda hata kama hakuna kilichoharibika popote. Aliye jirani na seva anakuona kabla wewe hujamwona. Hapo hakuna uongo wala ushamba. Na sisi tumetoka mbali. Kabla waya wa SEACOM, unaopita chini ya bahari, haujaanza kazi hapa Tanzania, Julai 2009, intaneti ilikuwa inapanda kwenye setilaiti zilizo kilomita karibu 36,000 juu, swali na jibu vikapoteza nusu sekunde hewani. Gemu gani ungecheza?

Unakumbuka Mei 2024? Tarehe 12, Jumapili, nyaya za EASSy na SEACOM ziliharibika baharini upande wa Afrika Kusini, na huku Bahari ya Shamu nyingine zilikuwa zimeumia tangu Februari, basi nchi nzima intaneti ikawa inatambaa. Jumatatu yake nilifungua kibanda nikakuta watu wamepanga foleni na simu zao. Mmoja alitaka nimbadilishie antena. Mwingine alishairudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, picha za mtoto zote zimepotea, kwa sababu jirani alimwambia ni virusi. Nikawa nawaambia mama, simu yako nzima, rudi nayo nyumbani. Baadhi walidhani nawafukuza wakaenda kwa fundi mwingine. Yule wa antena nasikia alibadilishiwa kweli.

Hilo nalo ungeliandika wewe, unajua kueleza kuliko mimi. Ukiliandika nitalichapa nilibandike hapa ukutani kwa ajili ya siku nyaya zitakapokatika tena.

Chaja ya laptop yako tayari. Tatizo lilikuwa waya umekatika pale shingoni kwenye plagi, nimekata sentimita chache nikaunga upya na kuweka mpira wa kukazia, kwa hiyo sasa ni fupi kidogo, usiivute. Nimempa konda wa basi la Dodoma la kesho asubuhi, namba yake nitakutumia kwa meseji, kifurushi kipokee mwenyewe stendi usimtume mtu. Mama yako kaweka na korosho humo ndani, kasema ugawane na wenzako wa chumbani.

Bando nitakuwekea Ijumaa.

Wako,
Baba