Hege Riise yuko wapi kwenye orodha yenu ya viungo bora?

Ndugu Mhariri,

Orodha mliyoitoa ya viungo (wachezaji wa kati) bora wa soka wa nyakati zote imeniuma. Hakuna hata mwanamke mmoja. Siombi mtu aingizwe kwa kuhurumiwa. Naomba mpime kazi ya Hege Riise wa Norway kwa vipimo vilevile mlivyowapimia wanaume.

Mechi 188 za timu ya taifa, mabao 58. Huyo ni mtu wa dimba la kati, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchezesha wenzake. Ubingwa wa Ulaya 1993, Kombe la Dunia 1995, dhahabu ya Olimpiki Sydney 2000. Katika hao mliowataja, ni wangapi wana vyote vitatu?

Itafuteni fainali ya 1995 dhidi ya Ujerumani, pale Råsunda, Sweden. Mvua inamwagika, uwanja umelowa, matokeo bado 0-0. Dakika ya 37 Riise anakokota mpira kuelekea lango, anawahadaa mabeki, kisha anaachia shuti la chini linalompita kipa Manuela Goller. Kabla Wajerumani hawajatulia, Marianne Pettersen akapachika la pili. Katika michuano ile Norway walifunga mabao 23, wakaruhusu 1 tu. Nigeria, wawakilishi pekee wa Afrika, walipigwa 8-0. Mchezaji bora wa mashindano, mwenye Mpira wa Dhahabu, alikuwa Riise.

Timu ile haikuzuka tu. Shirikisho lao lilitambua rasmi soka la wanawake mwaka 1976, na miaka miwili baadaye timu ya taifa ikacheza mechi yake ya kwanza. Mwaka 1986 Ellen Wille, mjumbe wa Norway, alisimama mbele ya mkutano mkuu wa FIFA, Mexico, akadai wanawake nao wapewe Kombe la Dunia. Lilipochezwa China mwaka 1991, Norway walifika fainali wakafungwa 2-1 na Marekani. Riise alikuwa kikosini.

Baadaye alicheza Japani na Marekani, kisha akaingia kwenye ukocha. Aliinoa timu ya Uingereza kwenye Olimpiki ya Tokyo, halafu akapewa timu ya nchi yake. Huko hakung'ara: Kombe la Dunia 2023 Norway walitolewa na Japani 3-1 katika hatua ya 16 bora. Hilo nalo liandikeni, maana makocha wanaume mnawachambua bila kuwabembeleza.

Ninachoomba ni kurasa mbili za uchambuzi katika toleo lijalo: alivyokaa uwanjani, alivyopokea mpira, pasi zake, mabao yake. Tafadhali msituletee habari za ndoa na urembo. Wasichana wanaocheza kiungo kwenye ligi yetu wanasoma gazeti hili, na wanataka kujua alivyokuwa akicheza.

Msomaji wenu,
Morogoro